Bilauri Mbili za Mwalimu

Kucha za mkono wake wa kulia zilikuwa za zambarau mwaka mzima, na hakuwahi kutia rangi hata ukindu mmoja. Watiaji rangi tulikuwa sisi. Kazi yake yeye ilikuwa kuitoa. Sisi tulichemsha, tukachovya, tukasuuza, tukaanika. Yeye alikuja baadaye na baiskeli yake, akazunguka nyuma ya banda kwenye mapipa ya maji machafu, na kuanza kubishana nayo. Nimefanya kazi zote mbili, na nakwambieni kutia rangi ni mchezo. Kuitoa ndiko kunakomzeesha mtu. Nikimfikiria sasa namwona hivyo, ameinama juu ya pipa, amechoka, na bado hajaridhika.

Sote tulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha. Mimi alinifundisha kemia skuli ya sekondari, na nilikuwa mwanafunzi wa kawaida kabisa, si wa kwanza si wa mwisho. Majina ya watu hayakumkaa kichwani. Alituita kwa mahali tulipokaa darasani. Alikuwapo Mlangoni, alikuwapo Nguzoni, alikuwapo Nyuma-kabisa ambaye sasa ana ofisi yake na kiyoyozi, na akiitwa Nyuma-kabisa njiani huitika. Mimi nilikaa karibu na dirisha. Nimeolewa, nimezaa, nimeota mvi, na kwake nimebaki Dirishani.

Kwenye kikapu cha baiskeli yake hakukosa sahani moja nyeupe na bilauri mbili zilizofanana, zimefungwa kwa kitambaa zisigongane. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake, na hakutaka kingine. Bilauri moja aliitia maji ya mvua. Ya pili aliitia maji ya pipa yaliyokwisha kuchujwa. Alimtaka mtu aelekee ukutani, akazichanganya, akaziweka juu ya sahani, halafu akamwambia ageuke na achungulie kutoka juu. "Nioneshe iliyotoka kwenye pipa," alisema. Ukiweza kuionesha, pipa halifunguliwi. Ukishindwa, aliita mtu wa pili, na huyo naye akishindwa, ndipo Mwalimu alipochomoa kizibo na kuyaacha maji yaende bondeni. Siku moja nilimwuliza kwa nini asitazame mwenyewe yakaisha. Akasema aliyeyachuja ni yeye, anatamani yawe meupe, kwa hiyo macho yake si ya kuaminiwa.

Banda letu liko Ole, hapa Pemba, juu kidogo ya bonde la mpunga. Ni la wanawake watupu. Tulikuwa tukitia rangi ukindu wa mikeka, na vitambaa vya batiki vinavyokwenda kuuzwa Unguja. Nasema tulikuwa, kwa sababu ninapoandika haya banda limefungwa, na sijui kama litafunguliwa tena. Zamani maji ya kusuuzia tuliyamwaga kwenye shimo nyuma ya banda, shimo likayanywa, tukaona yamekwisha. Hatukuuliza yanakokwenda. Chini yetu, ukingoni mwa bonde, kipo kisima cha msikiti, na upande ule hakuna kingine. Ijumaa moja, baada ya mvua kubwa, ndoo ilipanda na maji ya wekundu mwepesi, mfano wa sharubati iliyozidishwa maji.

Shehe wa msikiti alikuja mwenyewe. Akasimama nje ya banda, akakohoa, akangoja tujitande vizuri.

"Mabibi, miye sikuja kugomba," alisema. "Maji yale si najisi. Anayetaka kufulia, na afulie. Ila yashabadilika rangi yake, hayafai udhu tena, na siye kisima chetu ni hichi kimoja. Mpaka maji yarudi kuwa maji, hino kazi isimame."

Kila mmoja wetu alifundishwa chuo cha Kurani tangu mdogo kwamba maji yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa kitu kilichoingia ndani yake, hayatawadhiwi. Kati yetu walikuwamo wajane, na walioachwa, na mmoja ambaye mumewe yuko lakini ni kama hayuko, na wote hao jiko lao lilikuwa banda lile. Walikusanya sufuria zao. Mimi nikakumbuka kemia.

Nilimkuta amestaafu, amekaa barazani kwake anamenya muhogo, na amechoka kukaa. Nilipomaliza kueleza aliuliza jambo moja tu, ni nyekundu ya ukindu au nyekundu ya kitambaa. Nikamwambia ya kitambaa. Akaweka kisu chini.

"Hiyo ndiyo kaidi," akasema, na niliona wazi kwamba amefurahi.

Alikuja siku ya pili na akaja kwa miaka. Kwanza alitutaka tusuuzie kwenye pipa badala ya shimoni, kwa majaribio tu, akatia shabu, ile ile wanayotumia watu kutakasia maji ya tope, na rangi nyingi ikajikunja na kutuama chini. Ya ukindu ilitii. Nyekundu ya kitambaa ilibaki inaelea pale pale inatutazama. Akaongeza pipa la mchanga, halafu pipa la makaa yaliyosagwa, maji yatoke huku yaingie kule, tone kwa tone. Alinifundisha kusaga makaa, kuyaosha, kuyapanga, na kujua yamechoka lini. Makaa nayo huchoka, alisema. Yakishajaa rangi hayapokei tena, na ukiyalazimisha yanakurudishia uliyoyapa.

Alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka tukawa tunalimalizia sisi: rangi haipotei, inahama. Ilitoka kwenye kitambaa ikaingia majini, ikatoka majini ikaingia kwenye makaa. Basi makaa yatupwe wapi? Ukiyatupa shambani mvua itayarudisha bondeni. Ukiyachoma jikoni, unakula moshi wa nini? Mwalimu hakupata jibu la kumridhisha, na kwa kuwa hakupata aliyatia kwenye magunia na kuyapeleka kwake. Yalianza nyuma ya jiko, yakafika chooni, yakazunguka ukuta.

Mkewe ni mtu wa Wambaa, na ulimi wake hauna kufuli. "Wenzangu waume zao wanarudi na samaki," aliniambia siku moja, ananionesha magunia. "Wangu miye anarudi na uchafu wa watu. Na ukigusa gunia moja, siku hiyo hulali kwa maneno." Lakini niliona kwamba kila gunia limefunikwa kwa makuti lisinyeshewe, na makuti hayo Mwalimu hakuyasuka yeye.

Mtu huyu aliyejichosha kwa ajili ya maji ya udhu alikuwa mchelewaji mashuhuri wa sala. Alifika msikitini imamu yuko rakaa ya mwisho, suruali imekunjwa, miguu ina tope la mapipani, na mara nyingine hakufika kabisa, akasali peke yake nyuma ya banda juu ya kipande cha mkeka tulichokikataa. Shehe alimsema mbele za watu. Mwalimu alijibu kwamba angewahi kama maji yao yangejichuja yenyewe. Walikuwa wakigombana hivyo kila mwezi, na kila Idi Shehe alimpelekea sahani ya kwanza ya chakula.

Alikuwa hivyo katika mambo mengi, anakwambia hili na kufanya lile. Alitukataza kupoteza hata tone, na yeye aliosha bilauri zake mara tatu tatu. Alisema mtu asione haya kukosea, na akikosea yeye alinuna siku mbili. Alifundisha kwa Kiswahili cha vitabuni, kila neno limepigwa pasi, lakini akikasirika Upemba wote ulirudi. Ukimsikia anasema "tafadhali", ujue uko salama. Ukimsikia anasema "weye", tafuta mlango. Kusifu hakujua. Ukifanya jambo barabara kabisa, la kukupa jina, alisema "Haya," basi. Katika miaka yote nimeipata "Haya" yake mara chache sana, na nilikwenda nazo nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi.

Kosa lake kubwa lilikuwa la karafuu. Msimu ulikuwa umepamba moto, na makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, yalilundikana kila uwanja. Mwalimu akaona Mungu amemletea makaa ya bure. Akayachoma ndani ya pipa la bati lililofunikwa, akayasaga, akayapanga kwenye chujio. Maji yakatoka meupe. Nilizitazama bilauri nikashindwa. Mwenzangu akatazama akashindwa. Mwalimu akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya, akakaa chini kwenye majani na kunyoosha miguu. Tukatuma mtu amwite Shehe.

Shehe alikuwa amerudi asubuhi ile kutoka Unguja, alikokwenda kumwuguza dada yake wiki kadhaa. Akapewa bilauri. Kabla ya kuitazama aliinusa.

"Mwalimu," akasema taratibu, "rangi kweli imetoka. Lakini hino n'karafuu."

Tukanusa sote, hatukusikia kitu. Tungesikiaje? Kila uwanja umeanikwa karafuu, nguo zetu zinanuka karafuu, mito tunayolalia inanuka karafuu, na pua zetu zimekwisha kuzoea mpaka haziitambui tena. Makonyo hayakuungua sawasawa, mafuta yake yameingia majini, na sisi tuliozaliwa ndani ya harufu ile hatukuwa na pua ya kuijua. Ilitakiwa pua iliyotoka nje ya kisiwa. Mwalimu aliinuka, akajipangusa majani.

"Ni kweli," akasema. "Nimetoa moja nikaingiza jingine."

Akayamwaga maji yote kwenye pipa la mwanzo, kazi ya wiki nzima, kisha akashika baiskeli yake akaenda. Alinuna siku mbili, kama kawaida yake. Aliporudi alikuwa na gunia la vifuu vya nazi, na makaa ya vifuu ndiyo tuliyoyatumia mpaka mwisho.

Kutoka hapo kipimo kikawa na sehemu ya pili. Mbali na macho, ilitakiwa pua ya mtu aliyetoka safarini. Mwalimu alikwenda kusimama njiani zinakopita gari za bandarini, bilauri mkononi, akimsimamisha abiria anayeshuka na mizigo yake. "Nusa, usinywe," alimwambia, bila ya salamu. Watu walimdhania mganga. Siku moja alimkamata mtu wa Kojani mwenye kikapu cha papa mkavu, akamnusisha, yule bwana akasema maji hayana harufu yoyote. Mkewe alipohadithiwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwa pua ile," alisema, "hata ungempa mafuta ya taa." Mwalimu hakucheka. Alirudi njiani kutafuta abiria mwingine.

Shehe alinusa, akatazama, akaridhika, na banda likafunguliwa. Lakini alituonya kwamba kisima kikipata rangi tena, mazungumzo yatakuwa mafupi. Tulifanya kazi hivyo kwa misimu kadhaa. Maji yalikwenda bondeni meupe, mpunga ukamea, wanaume wakatawadha. Kwa watu wengi ilikuwa kana kwamba hakuna kazi inayofanyika. Hakuna anayekushukuru kwa maji meupe.

Sasa nifike nisipopenda kufika.

Tangu darasani Mwalimu hakukwambia kitu unachoweza kukiona mwenyewe. Aliweka chupa mbele yako na kuuliza, "Waona nini?" Hakuuliza kama ni nyekundu, wala kama imetuama. Alisema ukimtajia mtu jibu ndani ya swali, atakurudishia hilo hilo ili aende zake. "Usinipe ninalolitaka," alisema. "Nipe ulilonalo." Kwa hiyo alipoanza, pale bandani, kuniuliza "Waona nini?" kwa kila jambo, hatukushangaa. Pipa hili limetuama? Waona nini, Dirishani? Makaa yamechoka? Waona nini? Tukasema uzee umemrudisha darasani.

Nikipanga mambo sasa yanapangika yenyewe. Baiskeli aliacha kuipanda akawa anaikokota, akasema mnyororo umelegea. Niliipanda siku moja kumchukulia shabu dukani, na mnyororo ulikuwa mzima kabisa. Alama za mapipa, ambazo zamani tuliziandika kwa rangi, alizikata upya kwa kisu, mkato mmoja, miwili, mitatu, na nilimwona akizipapasa kwa kidole. Aliacha kumwita mtu wa pili kutazama bilauri. Aliniita mimi tu. Na hakusema tena nimwoneshe iliyotoka kwenye pipa, maana kidole changu kisingemfaa kitu. Alitaka nimwambie kwa mdomo.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imepiga wiki nzima. Mapipa yote yalijaa, na mkeka wa harusi na vitambaa vya Unguja vyote vilitakiwa kwa pamoja, na hatuwezi kusuuza mpaka pipa moja limwagwe. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, mikono imevimba kwa maji. Wenzangu walinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza na Mwalimu. Akachanganya bilauri, akaziweka kwenye sahani.

"Waona nini?"

Niliiona mara moja. Ya kushoto ilikuwa na wekundu ambao hata mtoto angeunyooshea kidole.

"Sioni tofauti, Mwalimu," nikasema.

Nilitegemea ainame atazame mwenyewe, ingawa haikuwa desturi yake, na nilikuwa tayari kujifanya nimeghafilika. Hakuinama.

"Basi fungua," akasema.

Hakuna aliyenilazimisha. Sikuwa na mgonjwa nyumbani, wala njaa siku ile. Nilichoka tu, na nilitaka jambo moja katika siku hiyo liishe. Nimejitafutia udhuru mkubwa kuliko huo na sikuupata.

Siku ya pili ndoo ya kisima ilipanda nyekundu. Shehe akaita watu baada ya sala ya alasiri, uwanja wa msikiti, na sisi wanawake tukasimama nje ya ukuta. Maneno yangu nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa nimeyapanga usiku kucha, jinsi ya kuyaanza na jinsi ya kuyamaliza. Kabla sijafumbua mdomo nikasikia sauti ya Mwalimu upande wa pili wa ukuta, kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi.

"Pipa lile nililitazama mimi, nikaona maji yametakata. Kosa ni la macho yangu."

Watu wakanong'ona. Mmoja akasema mzee wa watu amechoka, aachwe apumzike. Shehe akasema banda lifungwe. Nami nikasimama pale ukutani na maneno yangu, nikayameza moja moja. Mwalimu hakuja tena bandani. Wala mimi sikwenda kwake, kwa sababu nilijua nikienda nitalazimika kusema.

Miezi ilipita. Nilikutana na mkewe msibani, tunachagua mchele, akaniambia kama anayesema jambo la zamani. "Presha ya macho. Daktari kule Chake kasema kilichokwenda hakirudi. Mwaka wa pili huu haoni kitu cha maana." Halafu akanitazama. "Weye hukujua? Weye si ndiye uliyekuwa ukimtazamia?"

Niliendelea kuchagua mchele.

Shehe si mtu wa kufunga mlango akatupa ufunguo. Mwezi uliopita tulimwendea, akakubali kuja mwenyewe, Ijumaa hii baada ya sala, atazame pipa moja tu. Likiwa jeupe, tuanze tena. Likiwa na rangi, kazi ihame bonde lile moja kwa moja, na sisi hatuna pa kuihamishia. Nilichoma vifuu vipya. Nilichuja pipa moja kwa siku tisa, narudisha, nachuja, narudisha. Wenzangu walikuja kunitazama na kwenda zao, na kila mmoja aliniambia, "Si meupe haya, yakhe?" Nami nilisema meupe. Leo Alhamisi asubuhi nikatia maji yake ndani ya chupa, na maji ya mvua ndani ya chupa nyingine, nikaenda kwa Mwalimu.

Alikuwa barazani, pale pale nilipomkuta mara ya kwanza. Magunia yalikuwa yamezunguka nyumba yote. Kucha zake zilikuwa zimerudi kuwa nyeupe, na hilo lilinihuzunisha kuliko macho yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Dirishani. Umechelewa."

Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, kwamba siku ile bilauri ya kushoto ilikuwa nyekundu, kwamba niliiona, kwamba nilisema uongo na yeye akaubeba. Nilisema yote, si kwa mpangilio niliokuwa nimeupanga, na nikalia mbele yake kilio ambacho sikuwahi kukilia mbele ya mtu. Aliningoja nimalize.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje, na huoni?"

"Ulijibu upesi mno. Mtu anayetazama hukaa kimya kwanza. Miaka yote ulikuwa unakaa kimya, mpaka nasikia pumzi yako juu ya bilauri. Siku ile hukupumua hata mara moja."

"Na ukaniambia nifungue."

Akapapasa ukingo wa baraza. Aliposema tena Kiswahili cha vitabuni kilikuwa kimemtoka.

"Ningekwambia tazama tena, ungenambia tazama weye. Nami ningekwambiaje? Nlikuwa sijamwambia mtu. Nikaona bora pipa lende bondeni kuliko niseme sioni. Basi usijichukulie yote peke yako, mwanangu. Hapa kila mtu ana lake."

Nikakaa chini. Kisha akauliza nimebeba nini, maana amesikia chupa zikigongana. Nikamweleza juu ya Ijumaa. Akainuka, akaingia ndani huku anapapasa ukuta, akarudi na sahani na bilauri zile mbili, bado zimefungwa kwa kitambaa kile kile. Nikazitia maji. Akaniambia nielekee ukutani. Nikasikia bilauri zikisuguana juu ya sahani, zinazungushwa, zinazungushwa tena.

"Sasa hata mimi sijui," akasema. "Geuka. Waona nini?"

Niligeuka nikainama. Niliona meupe na meupe. Nilitaka kusema hivyo, na mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka. Wenzangu walikuwa bandani wananingoja, wameosha sufuria, mmoja amekwisha kuloweka ukindu kabla ya ruhusa. Nikaufunga mdomo. Nikaendelea kutazama, jicho moja, halafu jingine, nikageuza sahani mwanga uingie upande wa pili.

Mkewe akatoka na kahawa, akasimama mlangoni.

"Kulikoni? Mbona kimya hivyo, mmegombana?"

"Mwache," Mwalimu akasema. "Anatazama."

Nikatazama mpaka macho yakaanza kuuma. Na hapo nikauona, mwembamba sana, umekaa chini kabisa ya bilauri, wekundu ule ule ambao kwa siku tisa nilikuwa nikiupita kwa sababu sikuutaka.

"Ya kulia," nikasema. "Ina rangi, Mwalimu."

Mkewe aliiweka kahawa chini. Mwalimu akanyoosha mkono, akaipapasa sahani mpaka akaifikia bilauri ya kulia, akaishika.

"Haya," akasema.